Mama Mdogo na Daftari la Getini

Mama mdogo wangu ndiye kitindamimba wa bibi. Zamu yake ya kwenda shule ilipofika, akahitajika mtu wa kumbeba mtoto wa kaka yake mkubwa. Akambeba. Alipomshusha huyo akapewa mwingine, na baada ya huyo mwingine nikaja mimi. Mgongo wake umelea watu wanane, na wote tumekwenda shule, hata kama yangu iliishia msingi. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Watu wakimuuliza ana watoto wangapi husema, "Wanane, ila wote wana mama zao," halafu anacheka peke yake.

Alipofika umri wa miaka thelathini na kitu, akapata kazi ya yaya kwenye nyumba ya ghorofa yenye geti jeusi. Mwenye nyumba ana malori, maghala na nyumba za kupangisha. Wanasema yeye na mkewe walianza na lori moja bovu, mume akiliendesha na mke akiandika mahesabu juu ya goti. Mama mdogo aliingia nyumba ile kitovu cha mtoto hakijakatika. Mtoto wa kike, wa pekee. Aliitwa Chiriku kwa kuwa hanyamazi: anaongea akila, anaongea akiogeshwa, na mlinzi wa getini alikuwa akisema hata usingizini anagombana na mto. Basi wazazi wake nao wakaitwa Baba Chiriku na Mama Chiriku, na mimi nilipopata kazi ya kufua pale siku tatu kwa wiki, nikawakuta na majina hayo.

Chiriku alipotimiza miaka mitatu akapelekwa shule ya chekechea. Shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Mtoto hatoki mpaka anayemchukua aandike kwenye daftari la getini: saa, jina, sahihi. Mama Chiriku alikuwa akitoka ofisini mchana, anampitia mama mdogo nyumbani, wanakwenda wote. Getini hapana pa kuegesha, magari ni mengi kama siagi kwenye mkate wa tajiri, kwa hiyo yeye hubaki garini ng'ambo ya barabara, mama mdogo anashuka.

Siku ya kwanza mama aliyekaa getini alimsogezea daftari na kalamu. Mama mdogo akatazama kalamu ile kama mtu aliyepewa nyoka amshike. Mama wa getini akaelewa, akatoa kidau cha wino, mama mdogo akachovya kidole gumba na kukigandamiza mbele ya foleni nzima ya wazazi. Alirudi garini amekifungia kidole ndani ya ngumi.

"Dada, umeumia mkono?" Mama Chiriku akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Hebu nione."

Akauona ule wino. Walipofika nyumbani alivua viatu vyake vya ofisini, akavuta kiti cha jikoni, akamwambia, "Kaa hapa. Jina lako lina herufi sita. Umeshinda watoto wanane, herufi sita haziwezi kukushinda."

Nilikuwa napiga pasi pale pale, nikaona. Chiriku naye alileta daftari lake la irabu, wakawa wanafunzi wawili kwenye meza moja. Mwalimu mkali alikuwa Chiriku.

"Yaya, hiyo yako imelala! Isimamishe!"

"Imechoka, mwanangu, imefanya kazi tangu alfajiri."

"Herufi hazichoki! Mama, mwambie!"

Ilimchukua mama mdogo wiki sita. Siku alipotia sahihi yake ya kwanza getini, herufi ya mwisho aliipa mkia mrefu uliopinda kama wa paka aliyeshiba. Kuanzia hapo, sahihi ikawa yake. Mama Chiriku akisema, "Leo nishuke mimi, dada, unyooshe miguu," yeye tayari ameshafungua mlango wa gari. "Kaa, mama, kaa. Utapigwa jua bure." Mama wa getini akamzoea, akawa anamtania: "Punguza mkia, dada, umeingia mstari wa mwenzio." Mama mdogo alirudi garini kila siku na uso wa mtu aliyetoka kupewa zawadi. Mama Chiriku alikuwa akimwangalia kwenye kioo na kutabasamu. Ikawa hivyo miaka mitatu.

Kilichowaachanisha Baba Chiriku na mkewe sikukiona chote, na nilichokiona nguo ndizo zilizonionyesha. Mwenye kufua anajua mambo. Anajua shati la bwana lililorudi na harufu ya marashi mageni, na foronya ya bibi yenye chumvi ya machozi. Mama Chiriku alivumilia mwaka mzima. Halafu akaenda mahakamani kuomba talaka, apewe na haki ya kumlea mtoto. Baba Chiriku akajibu kwa kupitia wakili wake kwamba talaka achukue, ila mtoto habanduki.

Kesi ikawaka. Kwa kuwa amri ya muda ilisema mtoto asihamishwe, na hakuna aliyetaka kumwacha, wote wawili wakabaki nyumba moja: yeye bwana ghorofani, yeye bibi chumba cha wageni chini pamoja na mtoto. Walikuwa wakipishana kwenye ngazi kama wapangaji wasiojuana.

Siku moja akaja mthamini wa mali, mtu mnene mwenye karatasi za kunata zenye namba. Akabandika kila kitu. Makochi, jokofu, meza ya kulia, saa ya ukutani, hata sanamu ya twiga iliyovunjika sikio. Chiriku alimfuata chumba hadi chumba akimuuliza maswali mpaka yule mtu akatoka jasho. Walipofika jikoni, akamvuta suruali.

"Mimi yangu iko wapi?"

"Yako nini, binti?"

"Karatasi yangu. Umembandika mpaka twiga."

Yule mtu akakohoa, akatazama dari. Mama mdogo akamchukua mtoto, akamtoa nje akajidai wanakwenda kuona maua. Mlinzi alipohadithiwa alitikisa kichwa. "Watu wanasema wakubwa wakigombana nyasi ndizo zinaumia," akasema. "Sisi hata nyasi hatujafika. Sisi ni panzi. Tunaruka tu tukisubiri kukanyagwa."

"Ruka wewe mwenye miguu mirefu," mama mdogo akamjibu. "Mimi nina mtoto mkononi."

Wakili wa Mama Chiriku, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alikuja kumwona mama mdogo wiki moja kabla ya siku yake ya ushahidi. Akamweleza kwa ufupi. Mume anadai mke hakumlea mtoto, kazi yote aliifanya yaya, mama alikuwa akikimbizana na biashara. Wewe uliishi nao tangu mtoto hajaota jino. Utaeleza ulichokiona. "Usiongeze, usipunguze," wakili akasema, akafunga mkoba wake na kuondoka. Mama mdogo aliyashika maneno yale kama dawa ya hospitali, yenye vipimo. Niliposhinda naye siku zile nilimsikia akiyasema chini ya pumzi huku anakatakata vitunguu: usiongeze, usipunguze.

Siku yenyewe nilimsindikiza. Kesi za watoto haziingiwi na watu wa nje, lakini mama mdogo alitetemeka vibaya sana mlangoni mpaka jaji akaruhusu niingie, nikae nyuma kabisa, mradi mtoto wangu niliyembeba mgongoni asilie. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, kila mara anajipangusa pua. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Baba Chiriku amekaa upande huu, Mama Chiriku upande ule, na katikati yao hatua nne tu za zulia. Mama mdogo akaapa kusema kweli tupu. Aliapa kwa sauti, na mkono wake ulikuwa umenyooka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alieleza homa za mtoto na nani alikesha naye. Alieleza nani alimfundisha irabu, nani alimkata kucha, nani alimwimbia. Jaji alikuwa akiandika. Nikaanza kupumua.

Halafu akasimama wakili wa mume. Mtu mpole, sauti ya kubembeleza, kama anayemwongoza mgonjwa kitandani. Alikuwa na bunda la karatasi. Nakala za daftari la getini, miaka mitatu yote.

"Dada yangu, nisaidie. Hii sahihi ni ya nani?"

Mama mdogo akainama kutazama, na uso wake ukachangamka. "Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Hii ya mwezi wa tatu?"

"Hiyo pia. Hapo mkono ulikuwa umeanza kunyooka."

Karani akacheka kidogo. Hata jaji alitabasamu ndani ya leso yake. Mimi sikucheka. Nilimwona Mama Chiriku amefumba macho.

"Tumezipitia siku mia tano na kumi na mbili," wakili akasema. "Sahihi ya mama wa mtoto ipo siku tisa. Siku hizo tisa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa, baba."

"Kwa hiyo mama alikwenda kumchukua mwanawe pale tu yaya alipougua."

"Hapana, baba! Alikuwa anakuja. Alikuwa garini."

"Garini."

"Ng'ambo ya barabara. Getini hapana pa kuegesha."

"Kila siku?"

Hapo mama mdogo akainamia vidole vyake. Namjua. Nimelala mgongoni kwake, naijua pumzi yake. Alikuwa anahesabu. Mama Chiriku alifumbua macho, akamtazama, na mimi kule nyuma nikawa namwomba Mungu mama mdogo aseme ndiyo. Neno moja fupi, ambalo hata mtoto wangu alikuwa ameanza kulisema.

"Si kila siku," mama mdogo akasema.

"Siku ngapi hakuwapo?"

"Chache. Mwisho wa mwezi kazi ilikuwa nyingi ofisini, nikawa nakwenda na teksi."

"Chache ni ngapi?"

"Sikuhesabu, baba."

"Si neno." Akamsogezea lile bunda, akampa na kalamu. "Weka alama kwenye siku ambazo mama alikuwa garini. Hizo tu. Tutakusubiri."

Mama mdogo akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kalamu ilikuwa hewani. Kila ukurasa jina lake, herufi sita, mkia. Jina lake, herufi sita, mkia. Alitafuta tofauti hata ndogo kati ya siku ya gari na siku ya teksi, nikamwona anapitisha kidole juu ya mistari kama kipofu. Kikohozi cha jaji kilisikika mara mbili.

"Zinafanana zote," akasema mwisho.

"Zinafanana?"

"Sahihi ni sahihi, baba. Mama hajaandikwa humu."

"Hajaandikwa humu," wakili akarudia polepole, ili karani apate kuandika. "Nakushukuru, dada yangu."

Wakili wa Mama Chiriku akainuka upesi. Akamuuliza, kama mama alikuwa hapo nje, kwa nini wewe ndiye uliyetia sahihi?

"Nilikuwa napenda."

"Ulipenda nini?"

"Kuandika jina langu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Jaji akaweka kalamu chini, akamuuliza yeye mwenyewe, "Nani alikufundisha kuandika?"

Mama mdogo akaonyesha kwa kidevu. "Yeye."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki saba. Siyajui maneno yote ya sheria, naandika kama nilivyoyaelewa na kama wakili alivyotufafanulia kwenye korido. Ndoa ilivunjwa. Mali zilizochumwa ndani ya ndoa zigawanywe, na Mama Chiriku akapata nyumba mbili za kupangisha na fungu lake kwenye malori, maana jaji aliukubali ule mkono wake wa mahesabu juu ya goti. Lakini nyumba ya geti jeusi iliandikwa jina la kampuni tangu ilipojengwa, na kampuni ni ya bwana na ndugu zake, basi hiyo haikuguswa. Kuhusu mtoto, jaji alisema anaona mapenzi ya mama lakini haoni rekodi. Mtoto amezoea nyumba ile, shule ile, na yaya yule. Afisa ustawi wa jamii alipomuuliza Chiriku angependa kukaa na nani, alijibu, "Na Yaya." Kwa hiyo mtoto asing'olewe mahali mizizi ilipo. Akae kwa baba, yaya aendelee, na mama ampate kila Jumamosi saa tatu mpaka saa kumi na moja jioni, na nusu ya likizo.

Mama Chiriku alisikiliza yote akiwa ameshika mkanda wa mkoba wake. Jaji alipoinuka, yeye alibaki ameketi. Tukamwacha akae.

Alipokuja kufungasha, mama mdogo naye alikuwa kwenye chumba chake anafunga nguo zake kwenye shuka. Nilikuwa katikati yao, na nguo za mtoto mikononi, sijui nizipeleke kwa nani. Mama mdogo akatoka, akapiga magoti kwenye vigae vya chumba cha wageni.

"Nimekuua, mama."

"Inuka, dada. Hujaniua."

"Nimekuua kwa mkono ulionifundisha."

Mama Chiriku aliendelea kukunja blauzi. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ungeweza kusema ndiyo."

"Nilikuwa nimeapa."

"Najua."

"Wakili wako aliponiambia nisiongeze..."

"Najua, dada. Najua." Akafunga zipu ya begi, ikakwama, nikaweka nguo za mtoto chini kumsaidia. Hapo ndipo alipoliona shuka la mama mdogo limefungwa fundo, liko mlangoni. "Hilo ni la nini?"

"Naondoka. Siwezi kukaa humu nikimwangalia mtoto wako."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimshika mama mdogo mabega yote mawili, akamwinua kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Ukiondoka wewe, atabaki na nani? Na yule mwanamke wa marashi? Fungua hilo fundo. Sikuombi, nakuamuru. Ni amri yangu ya mwisho katika nyumba hii."

Mama mdogo akalifungua.

Sasa ni mwezi wa tano tangu hukumu. Bado nafua kule, na Jumamosi ni mojawapo ya siku zangu. Saa mbili na nusu mama mdogo anamleta Chiriku getini ameshasukwa nywele, na gari la mama yake linakuwa limeshafika, maana hufika mapema, anakaa ndani anasubiri saa itimie, asije akaambiwa amevunja amri. Chiriku haongei kama zamani. Bado ana maneno, ila anayatoa moja moja, anamtazama kwanza mtu usoni. Jioni anaporudishwa, wanawake hao wawili wana dakika kama kumi hivi za kuongea kabla mlinzi hajaambiwa afunge, na mama mdogo humpa mwenzake wiki nzima kwa haraka: alikula nini, alikohoa siku gani, nani kamsukuma shuleni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naanua shuka kwenye kamba iliyo karibu na ukuta. Chiriku alikuwa ameshaingia ndani. Mama mdogo akafungua kitambaa kidogo, akatoa jino.

"La mbele. La juu."

Mama Chiriku alilipokea kwenye kiganja. Mchana kutwa alikuwa amekaa na mtoto mwenye pengo, hakutaka kuuliza. "Lilitoka lini?"

"Jumanne. Alikuwa anakula mkate."

"Alilia?"

Jumanne sikuwa pale, lakini Jumatano mama mdogo alinisimulia tukiwa tunachambua mchele. Mtoto hakulia. Alikuwa amelitema jino kwenye sahani, akakimbia nalo ghorofani kumwonyesha baba yake na yule mwanamke wa marashi, na wote watatu walicheka mpaka wakasikika chini. Mama mdogo aliliokota baadaye kwenye zulia.

"Alilia sana," mama mdogo akasema. "Alikuwa anakuita wewe. Nikamwambia Jumamosi mama atakuja. Ndipo akanyamaza."

Mama Chiriku alifunga kiganja. "Alisema mama?"

"Mara tatu. Mama, mama, mama."

"Mara tatu," akasema, na akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Mlinzi akaanza kulisukuma geti. Gari likawashwa. Mama mdogo alikuja pale kwenye kamba, akashika ncha ya pili ya shuka, tukalikunja pamoja, pembe kwa pembe, na nilipomtazama usoni alikuwa anaangalia shuka.